Hakukuwa na Vumbi

Mke wa Koplo Nartey alikuja Jumatatu asubuhi kuchukua kitambaa chake kikiwa hakijakatwa. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akasema wifi yake wa Accra amepata fundi karibu na nyumbani, hivyo hakuna haja ya kumsumbua Etornam. Etornam alikuwa ameshampima, ameshachora kwa chaki mahali pa kiuno na mahali pa mikono. Alikikung'uta chaki, akakikunja upya, akakitia mfukoni na kumkabidhi kwa adabu zote. Huyo alikuwa wa nne tangu mume wa Etornam arudi kutoka misheni ya kulinda amani.

Wa kwanza alisema msiba aliokuwa akishonea umeahirishwa. Wa pili alisema amenenepa, angoje kwanza apungue. Wa tatu hakujisumbua kutunga kitu. Etornam aliirudia cherehani yake akakaa mbele yake bila kushona, huku akiwasikia wanawake wakicheka bombani, kisha wakinyamaza mumewe alipopita.

Jambo lenyewe kila mtu pale kwenye kambi ya jeshi walikoishi alilijua. Mwaka mzima mumewe, Sajini Agbeko Dzamesi, alikuwa na kikosi cha Ghana katika nchi iliyokuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe, wakilinda kambi ya watu waliokimbia makwao. Kila askari alibeba mfukoni kadi ndogo ya kanuni. Onya kwa sauti, onya kwa ishara, piga hewani. Usimpige mtu ila umeona anataka kukuua au kumuua mwingine, na njia nyingine hakuna. Wakaishi na kadi hiyo miezi minane. Kisha gari lililojaa baruti likalipuka kwenye lango la kikosi cha nchi nyingine, wakafa askari sita. Kesho yake Kapteni Asamani aliwapanga walinzi wa lango akawaambia kwa mdomo kwamba kuanzia siku hiyo gari lolote litakalopita mapipa mekundu yaliyopangwa njiani kabla ya lango bila kusimama lipigwe, hata kama hawajui limebeba nini. Hakuandika popote.

Siku ya nne ikaja pikapu. Ikaonywa kwa kipaza sauti, ikaonywa kwa bendera, ikapigiwa risasi mbili hewani, na haikupunguza mwendo. Mwenye rashasha alikuwa akingoja neno la Agbeko, na Agbeko alikuwa na darubini. Aliona kioo cha mbele kimevunjika na dereva amelalia usukani. Aliona nyuma watu wamelaliana, na mwanamke mmoja ameinua mikono yote miwili. Pikapu ikapita mapipa. Agbeko akasema, "Usipige."

Ikavunja kizuizi na kumbana Koplo Delanyo Kugblenu kwenye ukuta wa mifuko ya mchanga. Dereva alikuwa amepigwa risasi huko walikotoka, na alikufa kabla ya jua kuzama. Waliokuwa nyuma, watu kumi na mmoja, watano kati yao watoto, walipona wote. Delanyo alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti.

Delanyo alikuwa mtoto wa kambi ileile ya jeshi ya kina Etornam, dereva wa lori na beki wa timu yao, mtu aliyezoea kuingia nyumba yoyote saa ya chakula bila kubisha. Wale kumi na mmoja hakuna aliyewajua.

*

Kapteni Asamani alikuja Jumatano jioni, amevaa kiraia, na mkononi ana mkate mkubwa kama mtu anayekwenda kumsalimia mgonjwa. Etornam alimwandalia akple, ugali laini wa mahindi na muhogo, na mchuzi wa bamia wenye kaa. Alikula vizuri, akausifu mchuzi, akamuuliza mtoto wao, Sefakor, yuko darasa la ngapi na anapenda somo gani. Alikuwa mtu mpole, na upole wake haukuwa wa kuigiza. Sefakor alipokwenda kuosha vyombo ndipo akasema baraza la uchunguzi litakaa Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Nimekuwa nikiikumbuka siku ile, Sajini," alisema. "Kulikuwa na vumbi."

Agbeko aliinua macho, na Kapteni akaendelea.

"Njia ya udongo, gari linakuja kasi. Vumbi lazima liwepo. Mtu hawezi kuona pikapu imefika wapi, imepita pipa au haijapita. Hakuna wa kumlaumu mtu kwa vumbi."

Hakulitaja agizo lake, na Etornam, aliyekuwa akikunja vitambaa pembeni, alielewa kwamba hilo ndilo alilolifuata. Mtu akisema hakuona pikapu ikipita mapipa, hakuna atakayeuliza mapipa yaliwekwa pale na nani, wala nani alisema nini juu yake. Kapteni alishukuru kwa chakula, akasema jina la Agbeko limo kwenye orodha ya kupandishwa cheo, akaaga.

Mlango ulipofungwa, Etornam alisema yaliyokuwa moyoni mwake. Neno lenyewe ni moja, alisema, na halimuumizi mtu. Alisema juu ya vitambaa vinne. Alisema Sefakor ameulizwa shuleni kama ni kweli baba yake ni mwoga.

"Nikisema vumbi, watanisamehe," Agbeko alisema. "Nami nitakuwa nimesema kwamba ningeona vizuri ningepiga."

"Waache waamini wanavyotaka."

"Na Delanyo je? Atakuwa amepoteza mguu kwa sababu ya vumbi."

Etornam alikaa. Lipo swali alilokuwa nalo tangu siku aliyopata habari, na hakuwa amethubutu kuliuliza kwa sababu mtu akirudi salama kutoka vitani humpokei kwa swali kama hilo.

"Na kama lingekuwa bomu, baba Sefakor?"

"Ningekuwa nimekosea, na wewe ungekuwa mjane. Nililijua hilo palepale. Zilikuwa sekunde saba hivi. Ni nyingi kuliko unavyodhani."

"Ulitufikiria sisi?"

Agbeko angeweza kumdanganya, na Etornam angefurahi kudanganywa.

"Hapana. Niliwafikiria baadaye."

Etornam aliinuka akawasha cherehani, akapinda pindo la pazia ambalo halikuwa na haja ya kupindwa. Alikuwa na hasira, na kilichomkera zaidi ni kwamba hakuipata sehemu ya kuiegemeza. Mumewe hakuwa mwoga, hakuwa mkaidi, hakuwa mtu wa kujionyesha. Na bado, tangu arudi, alikuwa ameondoka mara mbili kwenda kumwona Delanyo hospitalini na mara mbili ameishia kituo cha basi na kurudi nyumbani na uso uleule.

*

Ijumaa Etornam alisema anakwenda Accra kununua nyuzi, akaenda hospitali ya jeshi. Alibeba sufuria ya wali wa maharage na samaki wa kukaanga, ameifunga kwa kitambaa safi. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwomba Delanyo. Baraza lingemhoji na yeye, hilo alilijua. Wakisema vumbi wote wawili, mambo yangekwisha.

Delanyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, amekonda. Mama yake, Bi Ablewor, alikuwa kitandani anakunja shuka. Etornam alipiga goti kidogo kumsalimia, akaitikiwa kwa sauti ya chini. Alipoinyanyua sufuria, Bi Ablewor hakunyoosha mkono kuipokea.

"Tumeshakula," alisema.

Etornam akaiweka sakafuni karibu na miguu yake mwenyewe, akabaki amesimama maana hakuonyeshwa pa kukaa.

"Amekutuma mumeo?"

"Hapana, Mama. Hajui kama nimekuja."

"Basi ni vibaya zaidi," alisema Bi Ablewor. "Mwanangu ana miezi mitatu hapa. Wamekuja wakubwa, amekuja mchungaji, wamekuja hata watu wa mpira. Aliyesema 'usipige' hajaja. Nikuulize wewe unayejua kuja kwa siri. Angekuwa mumeo amesimama pale kwenye kizuizi, na neno liko mdomoni mwa mwanangu, ungetaka aseme nini?"

Etornam alitafuta jibu la heshima asilipate. Lililokuwepo ni la kweli tu.

"Ningetaka aseme piga, Mama."

Bi Ablewor alirudia shuka zake. Hakuwa amelainika, lakini alisogea akaacha nafasi kwenye ukingo wa kitanda, na Etornam akakaa.

Ndipo alipoyatoa aliyoyaleta. Alieleza habari ya vumbi, kwa sauti ya chini, akiona haya kadiri alivyoendelea. Delanyo alianza kucheka kabla hajamaliza.

"Daavi, Kapteni alishanitembelea na vumbi lake," alisema. Daavi ndivyo alivyomwita siku zote, kama dada yake mkubwa. "Hakukuwa na vumbi. Mvua ilinyesha usiku kucha. Tope lilikuwa hadi vifundoni, na siku hiyo nilikuwa bado nina miguu yote miwili."

Mama yake alimwambia asifanye mzaha na jambo hilo. Delanyo akaacha kucheka.

"Nilimpigia kelele apige," alisema. "Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningekuwa mimi wa kutoa amri, ningeitoa, na ningekuwa na mguu, na wale watu wangekuwa wamezikwa. Usiniulize kama alifanya vizuri. Siku nyingine naamka nasema alifanya vizuri. Siku nyingine nautaka mguu wangu, basi. Lakini akisema hakuona, hapo tutakosana. Aliona. Aliona wale watu na aliniona na mimi nilipokuwa nimesimama, akachagua. Nataka niwe nilikuwemo katika kuchagua kwake. Sitaki niwe kitu kilichogongwa kwa bahati mbaya."

Etornam alirudi jioni ile bila nyuzi. Sufuria aliiacha. Hakujua kama ililiwa.

*

Alimweleza mumewe yote, pamoja na alichokuwa amekwenda kuomba. Agbeko hakumgombeza. Alitaka kujua Delanyo amekonda kiasi gani, na kama anaweza kusimama. Etornam akamwambia Jumapili watakwenda pamoja, na kwamba safari hii akishuka kituoni yeye naye atashuka na watapanda tena, hata mara kumi.

Walikwenda. Etornam aliyasimulia baadaye mara moja tu, kwa dada yake, na kwa kifupi. Agbeko aliingia, akavua kofia, akasimama mbele ya Bi Ablewor kama anasimama mbele ya kanali. Akamwambia: niliona, Mama. Nilimwona mwanao mahali aliposimama. Nilijua pikapu inaweza kumfikia. Nikasema usipige. Hakuongeza neno juu ya kadi wala juu ya wale kumi na mmoja.

Bi Ablewor alilia bila sauti, kisha akamwambia, "Sitasema nimekusamehe. Lakini kaa. Maneno kama hayo hayasemwi mtu amesimama."

Akakaa. Delanyo aliuliza timu imefungwa mabao mangapi Jumamosi, na Agbeko akamwambia manne, na Delanyo akasema ni haki yao, beki wenyewe hawana. Ndivyo walivyoanza tena kuzungumza.

Alhamisi baraza lilikaa katika ukumbi wa kambi tangu asubuhi. Wake hawaruhusiwi ndani, lakini madirisha ya ukumbi ule hayajawahi kuwa na vioo kamili, na Etornam alikaa na ushonaji wake kwenye ngazi za zahanati, mahali ambapo maneno yanafika. Alimsikia mumewe akisema hali ya hewa ilikuwa safi, aliona mita mia mbili bila shida. Alimsikia akilitaja agizo la mapipa, neno kwa neno, na jina la aliyelitoa. Mzee mmoja wa baraza akamuuliza kama alijua anavunja agizo la mkubwa wake. Akasema alijua. Akaulizwa kama alijua kwamba askari sita wameuawa wiki ile ile kwa gari kama lile. Akasema ndiyo, na kwamba gari lile la baruti lilikuja na dereva aliyeketi wima.

Kisha akaitwa Kapteni Asamani, akaulizwa kama alisema maneno yale.

"Nilisema," Kapteni alijibu. "Siku moja kabla nilikuwa nimewasaidia wenzetu kuokota wafu wao. Sikutaka kuokota wangu."

Etornam alishusha sindano. Wiki nzima alikuwa amemchukia mtu yule aliyekula mchuzi wake, na sasa alisikia sauti yake imekatika, akashindwa kuendelea kumchukia kwa nguvu zilezile.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Baraza liliona Sajini Dzamesi alifuata kanuni, na kwamba agizo la mdomo haliwezi kufuta kilichoandikwa kwenye kadi ya askari. Lakini liliandika pia kwamba alilisikia agizo lile akanyamaza siku nne, wakati alipaswa kulipinga siku ileile, mbele ya wote, kabla gari halijaja na kabla mwenzake hajasimama mahali pale. Kupandishwa kwake cheo kukacheleweshwa mwaka mmoja. Kapteni alihamishiwa bohari.

Etornam alitaka kukasirika kwa ajili ya ule mwaka. Agbeko alimwambia asijisumbue. Katika yote yaliyosemwa, alisema, hilo la siku nne ndilo peke yake ambalo na yeye amekuwa akijiambia. Usiku huo alilala hadi kukakucha, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu arudi.

Wateja wengine walirudi. Mke wa Koplo Nartey hakurudi, na Etornam alimkumbuka mara chache, kila mara kwa huruma ndogo, maana alikuwa amekiona kile kitambaa kimeshonwa huko Accra, na mabega yamekaa vibaya.

*

Mwaka uliofuata kikosi kingine kilikuwa kikijiandaa kuondoka, na kanali alimpa Agbeko kazi ya kuwafundisha walinzi wa lango. Agbeko alisema ataifanya akipewa Delanyo. Delanyo alikuwa amepata mguu wa bandia na hasira ya kuwekwa ofisini kupanga karatasi, akakubali kabla hajaulizwa mara mbili.

Walipanga mapipa kwenye uwanja wa nyuma, wakajenga kizuizi na ukuta wa mifuko ya mchanga. Delanyo ndiye aliyeendesha pikapu, na kila alipokuja hakumwambia mtu amebeba nini. Walihitaji watu wa kukaa nyuma, na wake wa askari wakaombwa. Wengi walikataa. Etornam alikwenda, na wenzake wawili, na Bi Ablewor, ambaye hakuombwa na mtu.

Hakuwa amedhani ataogopa. Bunduki hazikuwa na risasi, na dereva alikuwa Delanyo. Lakini pikapu ilipochomoka, na mbele akaona vijana wamelala nyuma ya mchanga na midomo ya bunduki imeelekea kifuani mwake, aliushika ukingo wa gari kwa mikono miwili. Alihesabu. Alifika saba kabla hawajafika kizuizini, na mumewe alikuwa amesema kweli, zilikuwa nyingi. Kabla ya nne akasikia mlio wa bunduki tupu, tak, tak, tak.

Delanyo akasimamisha gari. "Mmeua mama wanne," alitangaza kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mpira. "Mmoja wao ni mama yangu."

Bi Ablewor alishuka akipangusa vumbi kwenye kanga yake, akasema ameuawa kabla hajanywa hata uji.

Mara ya pili walijifunza, wakangoja, na nyuma kulikuwa na magunia yaliyoandikwa BARUTI. Lango lote likahesabiwa limekufa. Mara ya tatu hawakujua la kufanya, wakapiga wamechelewa, magunia yakiwa yameshafika kizuizini. Kijana mmoja mrefu, mwenye rashasha, alisimama jasho likimtoka, akasema kwamba wakipiga wanakosea na wasipopiga wanakosea, sasa Sajini anataka nini.

"Ndivyo ilivyo," Agbeko alisema. Hakupaza sauti, na vijana wakasogea ili wamsikie. "Nataka mtazame. Mkitazama kweli, kuna kitu mtakiona. Na siku msipokiona, mjue hili: ukikosea kwa kungoja, kosa unalibeba wewe, na mwenzako aliye kando yako, ambaye alikubali kuja. Ukikosea kwa kupiga, analibeba mtu ambaye hakukubali kitu. Mimi nilimbebesha Delanyo. Ninamwona kila siku. Sikwambii ni rahisi."

Delanyo, akiwa ameegemea mlango wa pikapu, alisema na yeye anamwona Sajini kila siku, na hilo pia si rahisi. Vijana wakacheka, na Agbeko akacheka, wa kwanza kuacha akiwa yeye.

Saa ya chakula walikaa kwenye mabenchi marefu. Etornam alipakua kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki na pilipili nyeusi. Yule kijana mrefu alichukua sahani yake akakaa chini peke yake, mbali, amewapa kisogo. Etornam aliona ndiye aliyekuwa nyuma ya rashasha mara ya kwanza. Alimwita. Kijana akaja, akasimama na sahani yake, macho chini, hawezi kumtazama.

"Unaitwa nani?"

"Yaw, Mama."

Alisogea kwenye benchi akamwachia nafasi kati yake na Bi Ablewor.

"Kaa, Yaw," alisema. "Umeniua mara moja tu leo. Kula, halafu turudie."